Modbus na Shirika Lake: Kisa cha Itifaki Iliyokabidhiwa Ikiwa Imekwisha Kukomaa

Mwezi Aprili 2004 kampuni ya Schneider Electric ya Ufaransa ilikabidhi haki zake juu ya itifaki ya Modbus, yaani kanuni ambazo vifaa vya viwandani huzifuata ili kuulizana na kujibizana, kwa chama cha watengenezaji na watumiaji ambacho wakati huo kiliitwa Modbus-IDA, na ambacho leo kinajulikana kama Modbus Organization. Itifaki hiyo ilikuwa imetimiza miaka 25. Mita za umeme, pampu za maji, mitambo ya kupoza hewa, vidhibiti vya jenereta na mizani za viwandani zilikuwa zikiitumia kila siku, na sehemu kubwa ya vifaa hivyo ilitengenezwa na kampuni ambazo hazikuwahi kumwomba mtu yeyote ruhusa. Kwa hiyo kisa hiki kinaibua swali ambalo si rahisi: shirika linalokabidhiwa kiwango ambacho kila mtu amekwisha kukitumia kwa namna yake lina mamlaka gani hasa, na litayatumiaje? Kwa vitendo vyake tangu mwaka huo, Modbus Organization imejibu kwamba kiini cha itifaki hakitaguswa. Ninaloliona mimi ni kwamba uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa upande wa umbo la ujumbe, lakini ulikuwa na gharama kwa upande wa maana ya kile kinachobebwa na ujumbe huo, na gharama hiyo haikulipwa na wanachama wa shirika. Imelipwa, na ingali inalipwa, na mafundi wanaounganisha vifaa.

Kiwanda cha giaboksi

Asili ya Modbus iko Marekani, katika idara ya General Motors iliyoitwa Hydramatic, ambayo ilitengeneza giaboksi za magari. Mashine za idara hiyo ziliendeshwa na makabati yaliyojaa rilei, yaani swichi zinazowashwa na kuzimwa kwa umeme, na kila modeli ya gari ilipobadilishwa, rilei hizo zilipaswa kufungwa upya, waya kwa waya, huku uzalishaji ukisubiri. Mwaka 1968 Hydramatic iliomba ipendekezewe kifaa cha kielektroniki ambacho kingebadilishwa kazi kwa kuandikiwa maelekezo mapya tu, bila kugusa nyaya. Bedford Associates, kampuni ndogo ya wahandisi washauri huko Massachusetts ambayo Richard Morley alikuwa miongoni mwa wakuu wake, ilijibu kwa kidhibiti kilichopewa namba 084, kwa kuwa kilikuwa mradi wake wa 84. Ili kukitengeneza na kukiuza, wahandisi hao waliunda kampuni nyingine iliyoitwa Modicon. Aina hiyo ya kifaa ndiyo ambayo mafundi wa viwandani wanaiita PLC hadi leo.

Modicon iliponunuliwa na Gould mwaka 1977, vidhibiti vyake vilikuwa vimekwisha kuenea, na tatizo lilikuwa limehama. Kiwanda chenye PLC kadhaa kilihitaji njia ya kuzisoma zote kutoka kwenye kompyuta moja, pengine kwa modemu na waya mrefu. Mwaka 1979 Modicon ilitoa Modbus kuwa jibu la haja hiyo ya ndani. Hakuna kamati iliyokaa, hakuna nchi iliyopiga kura, na nia ya kutengeneza kiwango cha dunia haikuonekana popote. Jambo la maana zaidi ambalo kampuni ililifanya lilikuwa kuchapisha maelezo ya itifaki, na kuacha yatumiwe bila ada.

Itifaki yenyewe ni fupi kiasi kwamba inaweza kuelezwa hapa karibu yote. Kifaa kimoja huuliza na vingine hujibu vinapoulizwa tu. Ujumbe wa mwulizaji huanza kwa namba ya kifaa kinacholengwa, kati ya 1 na 247. Namba 0 ni tangazo kwa vifaa vyote, na halijibiwi. Baiti inayofuata hutaja kazi: 3 ni kusoma rejista (nafasi ya kumbukumbu yenye namba moja), 6 ni kuandika rejista moja, 16 ni kuandika rejista nyingi kwa pamoja, na kuna chache nyingine za aina hiyo. Hufuata anwani ya kuanzia na idadi inayotakiwa, kisha baiti mbili za ukaguzi zinazomwezesha mpokeaji kugundua kama ujumbe umeharibika njiani. Kifaa kisipoweza kutimiza ombi hurudisha namba ileile ya kazi ikiwa imeongezwa 128, pamoja na baiti moja ya kueleza sababu. Katika namna ya RTU, inayotumika zaidi kwenye waya, ujumbe mzima hauzidi baiti 256, na mwisho wake hutambulika kwa kimya cha muda unaotosha kutuma herufi tatu na nusu.

Upande wa pili wa itifaki ni picha ya kumbukumbu inayosomwa. Modbus inaigawa katika majedwali manne: mawili ya biti moja moja, ambayo moja husomwa tu na jingine huandikwa pia, na mawili ya rejista za biti 16, kwa utaratibu huohuo. Mgawanyo huu ulitoka moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya PLC za Modicon, na hata neno koili, linalotumika kwa biti zinazoandikika, ni koili ya rilei iliyokuwa ikichorwa kwenye programu za vidhibiti hivyo. Zaidi ya hapo hakuna kitu. Itifaki haijui kama rejista fulani ina volti, nyuzi joto au idadi ya chupa zilizopita, haina majina, haina vipimo, na haijui thamani hiyo ilipimwa saa ngapi.

Mteja yuleyule na mpango mkubwa zaidi

Uchache huo ungeweza kuonekana kuwa udhaifu, na katika miaka ya 1980 wengi waliuona hivyo. General Motors, mteja aliyesababisha Modicon izaliwe, alikuwa miongoni mwao. Kuanzia mwaka 1980 kampuni hiyo iliongoza juhudi za kuunda itifaki kamili ya kuunganisha mashine zote za kiwanda, iliyojulikana kama MAP, kwa sababu ilikuwa imechoshwa na mashine za watengenezaji mbalimbali ambazo hazikuweza kuzungumza pamoja bila programu maalumu ya ukalimani iliyogharimu fedha nyingi. MAP ilifuata muundo wa tabaka saba wa mashirika ya viwango ya kimataifa, na kwenye waya ilitumia mbinu ya kupokezana zamu ili kila kifaa kiwe na uhakika wa muda wake wa kusema.

Kwa vipimo vya kitaaluma MAP ilikuwa bora kuliko Modbus karibu katika kila jambo. Ilitambua vitu kwa majina, ilieleza aina za data, na ilikuwa na kampuni kubwa kabisa ya magari nyuma yake ikiwaambia wauzaji kwamba asiyeifuata asilete bei. Hata hivyo kuifunga ilikuwa ghali, vifaa vyake vilihitaji uwezo mkubwa wa kompyuta kwa wakati ule, na toleo jipya lilipotoka halikupatana na lililotangulia, kwa hiyo aliyekuwa amewekeza mapema alijuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imefifia. Kilichobaki ni sehemu yake ya ujumbe, MMS, iliyosajiliwa kama ISO 9506, na ambayo imo ndani ya IEC 61850 inayotumika kwenye vituo vya kupozea umeme.

Ulinganisho huu una uzito katika kisa chetu kwa sababu unaonyesha kwamba nguvu ya mnunuzi mkubwa haikutosha kulazimisha kiwango, wakati itifaki isiyosukumwa na mtu ilikuwa ikienea kimyakimya. Mtengenezaji mdogo wa mita au wa kipima joto katika miaka hiyo alikuwa na chipu ya biti 8, kumbukumbu ya kilobaiti chache, na mhandisi mmoja wa programu. Modbus iliingia humo na nafasi ikabaki. Waya wa RS-485, aina ya waya wa mawasiliano ya viwandani ambao jozi moja yake inaweza kubeba vifaa 32 vya mzigo wa kawaida, ulipopatikana kwa bei nafuu, mtengenezaji huyo hakuhitaji kitu kingine ili kifaa chake kikubalike kwenye mradi wowote.

Modicon yenyewe ilitoa ushahidi wa pili. Baada ya Modbus ilitengeneza Modbus Plus, mtandao wa megabiti moja kwa sekunde ambao vifaa hadi 64 vilipokezana zamu bila kuwa na mwulizaji mmoja. Huu ulikuwa mtandao mzuri, lakini ulihitaji vipuri maalumu na leseni. Leo anayeukuta anaukuta kwenye viwanda vilivyofungwa mitambo ya Modicon zamani, na kazi yake kwa kawaida ni kuuondoa. Ndugu yake asiye na leseni anaendelea kufungwa kwenye vifaa vipya. Sioni haja ya kutafuta maelezo ya kiufundi ya tofauti hiyo, kwa kuwa ya kibiashara yanatosha.

Kutoka waya hadi intaneti, na kutoka kampuni hadi chama

Umiliki wa Modicon uliendelea kuhama. Kutoka Gould ulipita AEG ya Ujerumani, na katika miaka ya 1990 ukaishia kwenye kundi la Schneider. Mwaka 1999 Schneider ilichapisha maelezo ya kubeba Modbus ndani ya TCP/IP, itifaki za intaneti, na hapa uhafidhina wa itifaki ulionekana waziwazi. Baiti za ukaguzi ziliondolewa, kwa kuwa tabaka za chini za mtandao zinafanya kazi hiyo. Mbele ya ujumbe yakawekwa maelezo ya baiti saba yenye namba ya ombi, namba ya itifaki ambayo daima ni sifuri, urefu, na namba ya kifaa. Mengine yote yakabaki kama yalivyokuwa mwaka 1979. Ujumbe husikilizwa kwenye poti namba 502. Namba ya kifaa ingeweza kufutwa, kwa sababu anwani ya IP inatosha kumtambulisha mlengwa, lakini iliachwa makusudi ili kifaa cha kati kiweze kupokea ombi kwa Ethaneti na kulipitisha kwenye waya wa RS-485 wenye mita za zamani. Uamuzi huo mdogo ndio uliowezesha mita iliyofungwa miaka ya 1980 isomwe na kompyuta ya leo bila kufunguliwa.

Wakati huo tayari kulikuwa na desturi ya kampuni kuziachia itifaki zao ziongozwe na vyama. Watumiaji wa PROFIBUS, itifaki nyingine ya viwandani, walikuwa na chama chao Ujerumani tangu 1989. Allen-Bradley ilikuwa imeikabidhi itifaki yake ya DeviceNet kwa chama cha ODVA mwaka 1995. Tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, IEC, ilikuwa imemaliza mabishano yake marefu juu ya mitandao ya viwandani kwa kukubali aina nane zisizopatana ziwe ndani ya kiwango kimoja cha IEC 61158, na Modbus haikuwa miongoni mwa nane hizo. Kwa maneno mengine, itifaki iliyokuwa imeenea kuliko nyingi zilizomo kwenye kiwango hicho ilikuwa nje, ikiwa mali ya kampuni moja ambayo washindani wake waliitumia kila siku lakini hawakuwa na sababu ya kuipigania mbele ya kamati.

Kukabidhi haki mwaka 2004 kuliondoa kikwazo hicho. Modbus/TCP iliingizwa baadaye kwenye familia ya IEC kama aina ya 15, ikiwa pamoja na itifaki ya RTPS iliyotoka upande wa kundi la IDA, ambalo lilikuwa limeungana na chama cha Modbus. Nchini China itifaki hiyo ilipewa namba ya kiwango cha taifa, GB/T 19582. Shirika lilichapisha matoleo yaliyosafishwa ya nyaraka kuu mwaka 2006, moja la ujumbe, moja la waya na moja la TCP/IP, na toleo la ujumbe linalotumika sasa, la 1.1b3, ni la Aprili 2012. Nyaraka hizi zinapatikana bure. Shirika pia huendesha upimaji wa ulinganifu, ambao mtengenezaji anaweza kuuomba au kuuacha. Mwaka 2020 lilitangaza kwamba pande mbili za mazungumzo zitaitwa mteja na seva badala ya bwana na mtumwa.

Orodha hiyo ni fupi kwa shirika la miaka 20, na nadhani ufupi huo ulikusudiwa. Ukweli mwingine unasaidia kuueleza: mwaka 2007 Schneider Electric iliingia ODVA ikiwa mwanachama mkuu pamoja na Rockwell na wengine, na ODVA ikatengeneza njia ya kuziingiza seva za Modbus ndani ya familia yake ya itifaki. Kampuni iliyoikabidhi Modbus ilikuwa imeamua kwamba maendeleo ya mtandao wa viwandani yatafanyika mahali pengine. Shirika la Modbus lilibaki na kazi ya mlinzi wa hati, na si kazi ya kudharauliwa. Asiyeamini na atafute kifaa cha MAP cha mwaka 1985, akiunganishe na programu ya leo.

Rejista mbili na volti 230

Gharama ya uhafidhina huo inaonekana vizuri kwa mfano mmoja. Chukua mita ya umeme inayopima volti 230. Mtengenezaji anataka thamani yenye desimali, kwa hiyo anaihifadhi kama namba ya biti 32 kwa utaratibu wa IEEE 754, ambao kila kompyuta inaufahamu. Rejista ya Modbus ina biti 16, hivyo namba inagawanywa katika rejista mbili. Kwa volti 230 kamili, nusu ya juu ni 17254 na nusu ya chini ni 0. Nyaraka za Modbus zinasema wazi kwamba ndani ya rejista moja baiti ya juu hutangulia. Hazisemi neno juu ya rejista ipi itangulie namba inapochukua mbili, kwa sababu kwa mujibu wa itifaki namba za biti 32 hazipo.

Watengenezaji wakaamua kila mmoja kwa upande wake. Wapo wanaotanguliza nusu ya juu, wapo wanaotanguliza nusu ya chini, na wapo wanaogeuza hata baiti ndani ya rejista. Kompyuta inayosoma 0 kwanza na 17254 baadaye, ikidhani iko kwenye utaratibu wa kawaida, itapata namba ndogo mno, yenye sifuri 40 baada ya nukta ya desimali kabla ya tarakimu ya kwanza. Kwenye skrini itaandikwa 0.0. Hakuna kosa lililotokea kwa mujibu wa itifaki: ujumbe ulifika, baiti za ukaguzi zililingana, jibu lilikuwa halali. Fundi anayeona sifuri kwenye laini yenye umeme atakagua fyuzi, atakagua nyaya za kupimia, pengine atailaumu mita, na mpangilio wa rejista utakuwa jambo la mwisho kumjia akilini.

Mfano wa pili ni namba ya rejista yenyewe. Katika ujumbe anwani huanzia 0. Katika maelezo ya jedwali la kumbukumbu rejista huhesabiwa kuanzia 1, na desturi ya zamani ya Modicon iliongeza tarakimu ya mbele ya kutambulisha jedwali, kwa hiyo rejista inayoitwa 40001 kwenye kijitabu huombwa kwa anwani 0. Watengenezaji wengine wanaandika vijitabu vyao kwa namba za ujumbe, wengine kwa desturi ya Modicon, na wengine huchanganya bila kusema. Aliyekosea kwa moja husoma jirani wa rejista anayoitaka, na jirani huyo mara nyingi ana namba inayoweza kuaminika, kama vile mkondo wa fezi nyingine. Hilo ni baya kuliko kusoma upuuzi.

Haya yanawahusu moja kwa moja watu wanaofunga umeme wa jua na jenereta katika miji yetu. Inveta na vidhibiti vya jenereta vinavyouzwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kwa kawaida vina sehemu ya kufungia RS-485 na jedwali la rejista mwishoni mwa kijitabu, na mradi mmoja wa hoteli au hospitali unaweza kuwa na inveta za kampuni moja, betri za nyingine na mita ya tatu, zote zikidai kutumia Modbus. Zote zinasema kweli. Kazi ya kuzifanya zielewane haikuwekwa kwenye bei ya kifaa chochote kati ya hivyo. Mara nyingi haikuwekwa hata kwenye bei ya mradi.

Je, shirika lingeweza kufanya nini? Kutangaza mwaka 2004 kwamba nusu ya juu itangulie kungevifanya vifaa vingi vilivyokuwa sokoni vihesabiwe kuwa na makosa kwa usiku mmoja, na hoja hiyo ya kuacha mambo yalivyo naikubali. Lakini palikuwa na njia nyingine isiyomhukumu yeyote. Itifaki ina kazi namba 43, ambayo kwa aina yake ya 14 humwezesha mwulizaji kusoma utambulisho wa kifaa: jina la mtengenezaji, namba ya bidhaa, toleo la programu na mengine ya hiari. Vipengele hivyo vimepewa namba, na namba nyingi kati yake zimehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Kipengele kimoja kati ya hivyo kingetosha kueleza mpangilio wa rejista ndani ya kifaa, na kingine kingetaja kama kijitabu kinahesabu kuanzia 0 au 1. Vifaa vya zamani vingebaki halali kwa kukaa kimya. Vipya vingejieleza. Toleo la 2012 halikufanya hivyo, na sijaona hoja ya kiufundi inayolizuia.

Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na wengine. Mwaka 2009 liliundwa shirika la SunSpec Alliance katika sekta ya umeme wa jua, nalo likaamua kila kitu ambacho Modbus ilikuwa imekiacha. Kifaa kinachofuata SunSpec huanza kwa herufi nne, SunS, zilizowekwa kwenye rejista mbili katika anwani inayojulikana. Baada yake hufuata vizuizi vyenye namba na urefu: namba 1 ni utambulisho, 101 hadi 103 ni inveta za fezi moja hadi tatu, na 111 hadi 113 ni zilezile kwa namba za desimali. Mpangilio wa rejista umewekwa, kipimo kimewekwa, na nafasi ya nukta ya desimali ina rejista yake. Programu inaweza kutembea kutoka kizuizi kimoja hadi kingine bila kijitabu. Kiwango cha Marekani cha kuunganisha mitambo midogo kwenye gridi, IEEE 1547 cha mwaka 2018, kiliitaja SunSpec Modbus kuwa moja ya itifaki tatu zinazokubalika, pamoja na DNP3 na IEEE 2030.5.

Mafanikio hayo yanakata pande mbili. Mtetezi wa shirika la Modbus atasema kwamba hivyo ndivyo ilivyopasa kuwa, yaani kila sekta ijiwekee maana yake juu ya msingi usiobadilika, na atakuwa na haki kwa upande wa inveta. Lakini mita za maji, majokofu, boila na pampu hazina SunSpec yao, na hakuna dalili kwamba kila sekta itapata watu wenye subira na fedha za kuiunda. Mpangilio wa rejista mbili si suala la sekta yoyote. Lilikuwa la mwenye itifaki.

Poti 502 na poti 802

Kuna jambo moja ambalo shirika halikuweza kulinyamazia. Modbus haina neno la siri. Anayeweza kufikisha ujumbe kwenye kifaa anaweza kuandika rejista zake, na kifaa hakina njia ya kujua ni nani. Mwaka 1979 ulinzi ulikuwa mlango wa kabati, kwa kuwa waya haukutoka nje ya kiwanda. Modbus/TCP iliuondoa mlango huo bila kuweka kingine, na watu waliounganisha PLC na intaneti ili wazisome wakiwa nyumbani walimaliza kazi.

Mwaka 2018 shirika lilichapisha Modbus yenye usalama, inayopitia poti 802. Ujumbe uleule unafungwa ndani ya TLS, njia ya kuficha mawasiliano yasisomwe na wengine, pande zote mbili zinaonyesha vyeti vya kidijitali, na cheti cha mwombaji kinaweza kubeba wadhifa wake, ili anayeruhusiwa kusoma tu asiweze kuandika. Ujumbe wa ndani haukuguswa hata baiti moja.

Januari 2024, katika mji wa Lviv nchini Ukraine, zaidi ya majengo 600 ya makazi yalikosa joto kwa takriban siku mbili wakati wa baridi kali. Kampuni ya usalama ya Dragos, iliyoeleza tukio hilo mwezi Julai mwaka huo, iliipa programu iliyohusika jina la FrostyGoop. Wavamizi walikuwa wameingia kwenye mtandao wa kampuni ya joto miezi mingi kabla, na kutoka humo amri za Modbus zilitumwa kwa vidhibiti vya mfumo wa kupasha joto, ambavyo vilianza kutoa vipimo visivyo sahihi. Programu hiyo haikuhitaji kutumia kasoro yoyote ya siri ya itifaki. Ilisoma na kuandika rejista kama programu yoyote ya Modbus inavyofanya, na vidhibiti vikatii kama vilivyotengenezwa kutii.

Poti 802 ingekuwa kinga, lakini masharti yake ni mazito kwa walewale ambao Modbus iliwafaa. Chipu ndogo iliyotosha kwa ujumbe wa baiti 256 haitoshi kwa TLS. Vyeti lazima vitolewe na mtu, vihuishwe kabla ya kuisha muda, na kufutwa kifaa kinapoibwa, na kiwanda kidogo chenye fundi umeme mmoja hakina mtu huyo. Vifaa vilivyokwisha kufungwa navyo havitabadilika. Kwa hiyo usalama wa kweli wa mitambo mingi ya Modbus utaendelea kutegemea kuutenga mtandao wake, na hilo liko nje ya nyaraka za shirika.

Kwa hali ilivyo, anayeandika zabuni ya mradi wenye vifaa vya Modbus hawezi kuridhika na sentensi kwamba kifaa kiwe na Modbus, kwa sababu sentensi hiyo inahakikisha umbo la ujumbe tu. Inafaa adai jedwali kamili la rejista kabla ya kununua, likitaja kama linahesabu kuanzia 0 au 1, mpangilio wa namba za biti 32, kipimo na kizidisho cha kila thamani, na rejista zipi zinaandikika. Kwa inveta, adai namba za vizuizi vya SunSpec vinavyotekelezwa. Na kwa kifaa chochote kitakachounganishwa kwa Ethaneti, aulize kama poti 802 ipo na kama poti 502 inaweza kuzimwa.